Dirisha Dogo la TCP na Intaneti ya Malindi na Kilifi

Kabla ya Julai 2009, karibu kila ukurasa wa kutoka ng'ambo uliofunguliwa katika saiba za Malindi na Kilifi ulipitia setilaiti. Pwani hii haikuwa ngeni kwa mambo ya anga: huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitalia walirusha San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa lililosimikwa baharini. Setilaiti za mawasiliano, hata hivyo, hukaa mbali mno, yapata kilomita 36,000 juu. Ombi kwenda na jibu kurudi huchukua takriban nusu sekunde.

Huduma yenyewe ilikuwa ghali, na hilo kila mtu alilijua. Kikwazo kingine kilijificha katika TCP, sehemu ya mfumo endeshi inayohakikisha data imefika yote na kwa mpangilio. Mpokeaji humwambia mtumaji ni baiti ngapi anaweza kuletewa kabla hajathibitisha kuzipata. Kiasi hicho, yaani dirisha, kilitengewa biti 16 tu, hivyo kikomo chake ni baiti 65,535. Kwa safari ya nusu sekunde, muunganisho mmoja haungeweza kupita kilobaiti 130 kwa sekunde, hata njia ikiwa tupu.

Dawa iliandikwa mwaka 1992 katika hati ya RFC 1323: pande mbili zipashane, katika pakiti za mwanzo kabisa, namba ya dirisha izidishwe kwa ngapi. Kazi ilikuwa kuitumia, maana msimbo wa TCP hubeba kila programu iliyo juu yake. Linux 2.6.8 ilipotoka Agosti 2004 na kizidishi kikubwa, baadhi ya tovuti ziligoma kufunguka. Kosa lilikuwa la ruta za njiani zilizofuta kizidishi kimyakimya. Tuseme mpokeaji alimaanisha 46 mara 128. Mtumaji alisoma baiti 46 tupu. Kizidishi hakikuondolewa, na huo ulikuwa uamuzi sahihi: kukiondoa kungewaadhibu wenye njia ndefu kwa kosa la vifaa vya wengine. Windows XP haikukiwasha yenyewe; Vista ya 2007 ndiyo iliyoanza kupanua dirisha bila kuambiwa.

Mwaka 2009 kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa na safari ya data ikafupika sana. Hata hivyo, kwa mwendo wa sekunde 0.17 kwenda Ulaya na kurudi, dirisha lisilozidishwa lingekwama chini ya kilobaiti 400 kwa sekunde.