Nani Alimwotesha Dokkaebi Pembe?

Vitabu vingi vya watoto vilivyochapwa Korea Kusini baada ya 1945 vimemchora dokkaebi, kiumbe wa ngano za Korea, kwa namna moja: jitu jekundu au la samawati, pembe moja au mbili utosini, ngozi ya mnyama kiunoni, na mkononi rungu la chuma lenye miiba. Picha hiyo imezoeleka kiasi kwamba wengi hudhani ina umri sawa na ngano zenyewe. Nasema haina. Ilivuka bahari kutoka Japani, ikaingia kwa mlango wa shule za kikoloni, na ilichokifuta ni kikubwa kuliko tofauti ya pembe. Dokkaebi wa ngano za vijijini hakuwa na sura ya kudumu. Alijulikana kwa matendo yake, na ndiyo maana wakulima na wavuvi waliweza kuishi naye kama jirani mwenye vituko badala ya kumwogopa kama adui.

Kumweleza kiumbe huyu kwa Kiswahili kuna ugumu wake, na ugumu huo unafundisha. Ukimwita zimwi, msomaji atamtarajia mla watu, na dokkaebi hali watu. Ukimwita jini, umempa ukoo katika imani ya Kiislamu ambao hana. Ukimwita mzimu, umesema ni roho ya marehemu, ilhali Wakorea wana neno lao la roho za wafu, gwisin. Dokkaebi wa ngano hatoki kaburini. Hutoka kwenye vyombo vya nyumbani. Ufagio uliochakaa, kijiti cha kuchochelea moto, mti wa kupuria nafaka, hasa kikiwa kimeguswa na damu ya mtu kisha kikatupwa, huamka usiku na kutembea. Humsimamisha mpita njia akitaka washindane ssireum, mieleka ya Kikorea ya kushikana mishipi ya kitambaa. Mtu akimwangusha humfunga kwenye mti, na kukipambazuka akirudi kumtazama hukuta ufagio umefungwa pale. Hupenda pombe na memil-muk, chakula kinachotikisika kama jeli, kinachopikwa kwa wanga wa nafaka iitwayo memil. Akikopa pesa hulipa kesho yake usiku, kisha husahau kwamba amelipa, akaja tena kulipa, usiku baada ya usiku, mpaka mkopeshaji anatajirika. Katika ngano nyingine anamkasirikia mkulima na kulijaza shamba lake mawe. Mkulima anajifanya kufurahi, anasema kwa sauti kwamba bahati yake njema ni mawe, maana yangekuwa mavi ya ng'ombe angekwisha. Usiku ule dokkaebi anayazoa mawe yote na kulimwagia shamba samadi. Wasimuliaji wamempa hata jina la ukoo lililo la kawaida kabisa nchini mwao, Kim Seobang, kama mtu anavyomtaja Bwana Kim wa nyumba ya pili. Katika masimulizi ya namna hii pembe hazina kazi, kwa sababu sura yenyewe haina kazi.

Maandishi ya zamani yanaelekea huko huko. Neno lenyewe linaonekana kwa herufi za Kikorea katika Seokbosangjeol, kitabu cha maisha ya Buddha kilichotungwa mwaka 1447 na mwanamfalme Suyang, mwaka mmoja tu baada ya baba yake, mfalme Sejong, kuzitangaza herufi hizo. Limeandikwa dotgabi, na mwandishi anawakemea watu wanaomwita kiumbe huyo wakimwomba baraka na umri mrefu wasioupata. Kemeo hilo ni ushahidi mzuri, kwa kuwa hakuna anayekataza jambo lisilofanyika. Katika karne ya 15 kulikuwa na watu waliomwomba dokkaebi heri, na mtu haombi heri kwa kitu anachokiona kuwa jitu la kutisha tu. Nyuma zaidi kuna Samguk Yusa, mkusanyo wa mtawa Iryeon wa karne ya 13. Humo imo habari ya Bihyeong, aliyezaliwa na mwanamke wa Silla, ufalme wa kale wa Korea, baada ya kutembelewa na mfalme Jinji aliyekuwa amekwisha kufa. Bihyeong hucheza na viumbe wa usiku nje ya mji, na mfalme Jinpyeong anapomwamuru ajenge daraja, viumbe hao wanalimaliza kwa usiku mmoja. Mmoja wao, Gildal, anapewa kazi katika utawala na kujenga lango la hekalu la Heungnyunsa. Iryeon anawaandika kwa herufi ya Kichina inayotumika pia kwa mizimu, hivyo mtu anaweza kubisha kwamba hao si dokkaebi. Lakini tazama wanachokifanya: ni mafundi, wanajenga, wanaajiriwa. Tabia ni ile ile ya ngano za baadaye, na jinsi nyuso zao zilivyo Iryeon hasemi.

Ushahidi wa tatu uliandikwa na Mchina. Duan Chengshi, aliyefariki mwaka 863, alihifadhi katika Youyang Zazu hadithi ya Bang-i, maskini wa Silla. Mdogo wake tajiri anampa mbegu zilizochemshwa. Linachipuka suke moja tu, ndege analinyakua, na Bang-i anamfuata mpaka mlimani. Usiku anawaona watoto waliovaa nguo nyekundu wakigonga jiwe kwa nyundo ya dhahabu, na kila wanachokitaka, chakula na kinywaji, kinatokea. Anaichukua nyundo na kutajirika. Mdogo mtu anapomuiga anakamatwa, na pua yake inavutwa mpaka inafanana na mkonga wa tembo. Hapa tunaliona rungu la utajiri, dokkaebi bangmangi, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya vitabu vya shule vya kikoloni. Wenye rungu ni watoto. Hawana pembe wala miiba, na rungu ni la kuomba vitu, si la kupigia watu.

Basi pembe zimetoka wapi? Zitafute kwa oni wa Japani. Oni huvaa ngozi ya chui milia na kuwa na pembe za ng'ombe, na maelezo yanayotolewa mara kwa mara huko Japani ni kwamba pande za dunia za kale zilihesabiwa kwa wanyama, na upande wa kaskazini-mashariki, mlango wa mabaya, uliangukia kati ya ng'ombe na chui milia. Rungu la chuma lenye miiba ni silaha yake. Pembe za oni, kwa hiyo, zina maana ndani ya fikra za Kijapani. Kwa dokkaebi zimening'inia bila sababu, na kitu kisicho na sababu pale kilipo mara nyingi kimehamishwa. Njia ya uhamisho nayo inafuatilika. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910, na mwaka huo huo Takahashi Tōru alichapisha mkusanyo wa hadithi za Korea kwa Kijapani. Ndani yake imo ya mzee mwenye nundu shavuni, ambayo baadaye iliingizwa katika vitabu vya kusomea Kikorea vya shule za msingi za serikali ya ukoloni. Hadithi ya jinsi hiyo ilikuwa imeandikwa Japani tangu karne ya 13, katika Uji Shūi Monogatari. Kim Jong-dae, mtafiti wa ngano za Korea aliyeandika sana juu ya dokkaebi, ametetea rai kwamba hadithi hiyo na picha zilizoandamana nayo ndizo zilizomvalisha dokkaebi umbo la oni.

Hapa sikubaliani naye moja kwa moja. Hadithi husafiri, na hii ya nundu inasimuliwa hata Ulaya. Tena simulizi mbili za Asia hazilingani. Katika ile ya Japani, mzee anacheza ngoma vizuri, na oni wanaichukua nundu kama rehani ili arudi kuwachezea tena. Katika ile ya Korea, mzee anaimba, viumbe wanauliza sauti tamu inatoka wapi, anawaambia inatoka kwenye nundu, nao wanainunua kwa mali. Kudanganyika kwa urahisi na kulipa bila kuhesabu ni tabia ya dokkaebi mwenyewe. Kwa hiyo sioni ushahidi wa kutosha wa kuitoa hadithi yote na kuirudisha ng'ambo. Tutenganishe masimulizi na mchoro. Masimulizi hubadilishwa na kila mdomo mpaka yakawa ya wenyeji; mchoro wa kitabu cha shule haubadilishwi na mtoto anayeusoma. Anaukuta umekwisha kuamuliwa, na darasa linalofuata linaukuta vile vile.

Pingamizi zito zaidi ni la vigae. Paa za Silla zilikuwa na vigae vyenye uso wa kutisha, macho yametoka, meno nje, na vingine vina pembe. Watu wengi huviita vigae vya dokkaebi, na uso wa jinsi hiyo ulipepea katika nembo ya mashabiki wa timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia la 2002. Wanauliza: pembe si hizo hapo, karne nyingi kabla ya Wajapani? Lakini jina hilo ni la watu wa baadaye. Kang Woo-bang, mwanahistoria wa sanaa aliyewahi kuongoza Makumbusho ya Taifa ya Gyeongju, anauona uso huo kuwa wa joka, na mahali pake panamuunga mkono, kwa kuwa joka ni mlinzi wa maji na mvua na kigae ndicho kinachoikinga mvua. Hata asipokubaliwa, uso wa mlinzi wa paa la hekalu hauna uhusiano na ufagio unaotaka mieleka na mlevi njiani.

Kuna anayesema utamaduni ni wa kubadilika, na watoto wakizipenda pembe, waachiwe. Ningeafiki kama mabadiliko yangekuja kwa hiari. Picha hii ilikuja katika miaka ambayo Kikorea chenyewe kilikuwa kinasukumwa nje ya shule: mwaka 1938 kilifanywa somo la hiari, na mwaka 1940 familia zilianza kushinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Mzazi hakuwa na nafasi ya kusema kwamba kiumbe wa bibi yake hakuwa hivyo.

Ila mahali ambapo dokkaebi hakuwa somo bali shughuli, pembe hazikushika. Kisiwani Jeju anaitwa Yeonggam, yaani mzee mheshimiwa, na inasimuliwa kwamba wako ndugu saba. Mdogo wao akimshika mwanamke kwa ugonjwa, waganga huvaa vinyago vya karatasi, wakaigiza kaka zake waliokuja kumchukua, wakamlisha nyama ya nguruwe na pombe, kisha wakamsindikiza kwa mashua ndogo. Uso ni karatasi iliyotobolewa macho na mdomo. Kwenye pwani za magharibi na kusini wavuvi walipanda kilima usiku, mwanzoni mwa mwaka, kutazama baharini mahali moto wa dokkaebi unapowaka. Hapo ndipo walipotega nyavu, na mwenye samaki wengi alimpelekea memil-muk.