Nasaba ya Maradhi katika Nchi ya Wahaya
Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage wilayani Muleba, matabibu waliwaona wagonjwa watatu waliokondeana pasipo sababu iliyojulikana, ambao baadaye walihesabiwa kuwa wa kwanza kutambuliwa kuwa na UKIMWI nchini Tanzania. Na wenyeji, wasiongoje fatwa ya tabibu, wakayaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi wa magendo kutoka Uganda. Jina hilo, kwa rai yangu, lilikuwa nadharia kamili, kwani lilitaja biashara, njia na mpaka.

Jawabu la asili ya maradhi hayo lilikawia, nalo likaja kwa taratibu ambayo Mhaya, ajuaye kuhesabu ukoo wake, asingeistaajabia: herufi za urithi wa kirusi cha UKIMWI, zipatazo 9,700, husomwa, kisha programu ya kompyuta huzipanga sambamba, sampuli kwa sampuli, ikihesabu makosa ya kunakili yaongezekayo kadiri miaka ipitavyo, hata ikachora shajara ya nasaba na kukadiria zama za babu. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba janga lilichipuka Kinshasa, yapata miaka ya 1920, muda mrefu kabla ya Juliana kuvuka mpaka.

Maradhi mengine ya kirusi, Marburg, yalipozuka Bukoba Vijijini mwaka 2023, yakaua wagonjwa 6 kati ya 9, safari hii maabara ililitaja jina lake mwezi Machi wa mwaka huo huo. Kirusi chake kina herufi za urithi zipatazo 19,000.