Kifurushi cha Krismasi

Ewe msomaji, ukitoka Kiirua kwenda Meru kupeleka kifurushi posta siku za Krismasi, usiuchukie urefu wa mstari wa watu. Zamani, kabla ya reli, barua za bara zilichukuliwa na matarishi waliokwenda kwa miguu kutoka Mombasa, nao hawakuweza kubeba zaidi ya nguvu zao. Reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901; ndipo mizigo ikaacha kutegemea bega la mtu.

Posta iliyoziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania ilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na mwaka 1999 posta ya Kenya ikatenganishwa na simu. Lakini sanduku la posta limebaki. Watu wengi hawaletewi barua mlangoni, na sanduku moja la shule huwatumikia mamia. Basi andika jina na namba ya sanduku waziwazi, tena upeleke mapema. Ukikosea tarakimu moja tu, shali uliyomnunulia nyanya yako itakaa katika sanduku la mgeni, naye atapitisha sikukuu akidhani umemsahau.