Wacheki na lugha iliyosalimika vijijini

Wacheki ni Waslavi wa katikati ya Ulaya. Nchi yao haina bahari. Inapakana na Ujerumani, Poland, Slovakia na Austria. Ni watu zaidi ya milioni 10, na mji wao mkuu ni Praha. Tunaanza na lugha yao, kwa sababu nusura waipoteze.

Mwaka 1620 jeshi la wakuu wa Bohemia, eneo kubwa la Wacheki, lilishindwa karibu na Praha na watawala wa ukoo wa Habsburg. Tangu hapo Kijerumani kikazidi kushika ofisi, shule za juu na nyumba za matajiri. Kicheki kikabaki zaidi kwa wakulima. Hata baadhi ya wasomi waliokipenda walidhani kitakufa.

Karne ya 19 mambo yaligeuka. Josef Jungmann alitoa kamusi yenye majuzuu 5 kati ya 1834 na 1839. Baadaye watu walichanga fedha kujenga ukumbi wa taifa wa maigizo mjini Praha. Ulifunguliwa Juni 1881, ukaungua Agosti hiyo hiyo. Wakachanga tena, ukafunguliwa 1883. Dola yao, pamoja na Waslovaki, ilikuja 1918. Waliachana kwa amani 1993.

Neno lao moja hata sisi tunalo. Zamani mkulima alilazimishwa kumlimia bwana wake bila malipo, na kazi hiyo iliitwa robota. Mwaka 1920 mwandishi Karel Čapek, kwa shauri la kaka yake Josef, alilitumia kuwapa jina watumishi wa kutengenezwa katika mchezo wake wa kuigiza. Ndiyo roboti ya leo.