Potosí: mji wa feza ambako hewa ni haba

Mji wa Potosí, inchini Bolivia, uko metre 4 000 hivi juu ya bahari. Pumzi moja huko inaleta karibu asilimia 60 tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mgeni anaumwa kichwa, anatapika, anakosa usingizi.

Feza ilivumbuliwa huko mwaka wa 1545, Wahispania wakaja mbio. Mwaka wa 1590, padri José de Acosta aliandika kwamba hewa ya milima hiyo ni nyembamba mno kwa pumzi ya binadamu. Wanawake wa Kihispania waliteremka bondeni kuzaa, wakihofia kupoteza watoto.

Wenyeji, waliolazimishwa kuchimba, walitafuna majani ya koka ili kuvumilia njaa na uchovu. Watumwa Waafrika pia walipelekwa Potosí, wamoja kutoka Kongo na Angola. Wengi walitumikishwa katika kiwanda cha sarafu.

Siku hizi mgeni anashauriwa apumzike siku za kwanza, aache pombe, na hali ikizidi kuwa mbaya ateremke haraka. Dawa hiyo ilijulikana tangu zamani, lakini mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuteremka.