Kizimba
Kizimba ni banda dogo la kufungia kuku. Mahakamani ni pale anaposimama mshtakiwa, na magazeti yetu husema "amepandishwa kizimbani": kitenzi chenyewe kinaonyesha hakwenda kwa hiari. Shahidi, yeye hupanda. Napenda mno riwaya za mahakamani, na neno hili hunijia kila nisomapo Presumed Innocent ya Scott Turow (1987), ambamo Rusty Sabich, mwendesha mashtaka, anashtakiwa kwa mauaji. Mahakama za Marekani kwa kawaida hazina kizimba cha mshtakiwa. Sabich anakaa mezani, bega kwa bega na wakili wake, Sandy Stern, na raia wanaosikiliza kesi wanamwona hivyo. Anayeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili asimpandishe kizimbani. Aandike kwamba alifikishwa mahakamani.