Snow White (riwaya ya Barthelme)

Snow White ni riwaya ya Donald Barthelme (1931–1989), mwandishi wa Marekani aliyekulia Houston, Texas, na anayejulikana zaidi kwa hadithi fupi. Ilitoka mwaka 1967, kwanza katika jarida la The New Yorker, kisha kama kitabu. Chimbuko lake ni ngano ya Kijerumani iliyochapishwa na ndugu Jacob na Wilhelm Grimm mwaka 1812, ambayo Wamarekani wengi waliijua kupitia filamu ya katuni ya Walt Disney ya 1937. Barthelme hasimulii ngano hiyo upya. Anachezea yale ambayo msomaji ameshayatarajia.

Mhusika mkuu ana miaka 22, amesoma chuo na amechoka na kazi za nyumbani. Anaishi na wanaume saba, waosha majengo na watengenezaji wa chakula cha Kichina cha watoto wachanga. Sehemu kubwa husimuliwa kwa nafsi ya “sisi”, na ni vigumu kujua ni yupi kati ya saba anayesema. Snow White anateremsha nywele zake dirishani, tukio lililoazimwa kutoka ngano ya Rapunzel, lakini hakuna anayezipanda. Paul, aliyepaswa kuwa mwana wa mfalme, anasitasita mno. Mwishowe anakunywa sumu ambayo Jane, mshika nafasi ya mama wa kambo, alimtengea Snow White. Bill, kiongozi wa wale saba, ananyongwa.

Anayefuata visa tu atachoka mapema. Sura ni fupi, nyingine mistari michache, na baadhi ya kurasa zina matamko ya herufi kubwa nzito yasiyo na msemaji. Utamu umo katika lugha: maneno ya matangazo, ya wanasaikolojia na ya wasomi yanagongana ndani ya sentensi moja. Mizaha mingine, kusema kweli, imechakaa. Hojaji ya maswali 15 inayofunga sehemu ya kwanza haijachakaa: msomaji anaulizwa, pamoja na mengine, kama hadithi inampendeza kufikia hapo. Fanani wa ngano za mdomo husubiri hadhira iitikie. Barthelme anaigawia karatasi ya mtihani.

Msomaji wa Kiswahili aliyepambana na riwaya ya Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi hatashangazwa na masimulizi yaliyovunjwavunjwa. Atashangazwa na utani, kwani Kezilahabi huvunja masimulizi akitafuta ukweli, na Barthelme huyavunja akicheka.